Si GPS inayokuchagulia lugha
Wengi hapa Dodoma huamini tovuti hukuchagulia lugha baada ya kukuona ulipo kwa GPS. Sivyo. GPS haiguswi mpaka uiruhusu. Kila unapofungua ukurasa, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) huitumia tovuti orodha fupi ya lugha unazotaka, mfano "sw-TZ, en": Kiswahili cha Tanzania kwanza, kisha Kiingereza. Simu iliyowekwa Kiingereza tangu dukani itaomba Kiingereza hata ukiwa katikati ya Soko la Majengo.

Eneo hukisiwa kwa anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti. Nchi hupatikana vizuri. Mji, mara nyingi hapana. Data ya mtu wa Kondoa yaweza kuonekana imetokea Dar es Salaam, akaletewa hali ya hewa ya pwani.

Tovuti nyingine hupuuza orodha na kufuata IP tu. Uzembe, kwa maoni yangu.