Kisulisuli: upepo unaozaliwa na jua

Dodoma, Oktoba, saa saba mchana. Uwanja wa shule umekauka hadi udongo umekuwa unga, na hakuna hata jani linalotikisika. Mara vumbi linanyanyuka katikati ya uwanja, linajisokota, linapanda juu kuliko miti, linatembea mpaka kwenye uzio, linanyakua khanga iliyoanikwa kwa jirani, kisha linatoweka. Dakika moja, pengine mbili, mambo yamekwisha. Hicho ndicho kisulisuli. Wengine hukiita chamchela.

Wengi wetu tunakiita kimbunga, lakini hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kimbunga, kama Hidaya kilichofika pwani yetu Mei 2024, huzaliwa baharini, upana wake ni mamia ya kilomita, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huanza kukifuatilia siku kadhaa kabla hakijafika. Kisulisuli hakina wa kukutabiria. Upana wake ni mita chache tu, wala hakitoki kwenye wingu. Ukitazama juu utakuta anga tupu, na anga tupu ndiyo kinayoipenda.

Kila kitu huanzia chini. Ardhi isiyo na nyasi hupigwa na jua tangu asubuhi, na ikifika mchana udongo unaunguza nyayo, ilhali hewa ya usawa wa kichwa chako ina joto la kawaida tu. Hewa inayogusana na udongo ule hupata moto, hutanuka, huwa nyepesi, nayo inataka kupanda. Palipopata moto kuliko pembeni, hewa hiyo huchomoka kwenda juu, na hewa ya jirani hukimbilia kuziba pengo. Sasa hewa ya jirani haiji ikiwa imenyooka. Imepita kwenye kona ya darasa, imekwaruzana na mti, kwa hiyo tayari ina kamzunguko kadogo. Inapobanwa kuelekea katikati, mzunguko ule huongezeka kasi, na nguzo inavyovutwa juu na kuwa nyembamba ndivyo inavyozidi kuzunguka.

Kama unafanya kazi ofisini unaweza kulihakiki hili leo. Kaa kwenye kiti kinachozunguka, nyoosha mikono, mwambie mwenzako akuzungushe, halafu ikunje mikono kifuani ghafla. Kiti kitachanganya kasi bila mtu kukusukuma tena. (Bosi akiuliza, ni fizikia.)

Jambo ambalo watu hawalitegemei ni kwamba vumbi si sehemu ya lazima ya kisulisuli. Vumbi linatuonyesha tu kilipo. Hewa inaweza kuzunguka vilevile juu ya sakafu safi ya saruji, na ushahidi pekee ukawa karatasi inayopanda yenyewe au mlango unaobamizwa siku isiyo na upepo. Bila shaka vingi hutupita hivyo bila kuonekana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo siku hizi hata mapambo ya angani yamepungua.

Kwa nini Dodoma, si Dar? Dar ina unyevu, miti na upepo wa bahari unaopooza ardhi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha ni ukame wa miezi mingi. Mtama na alizeti vikishavunwa, mashamba ya Bahi, Chamwino na Kongwa yanabaki wazi. Ongeza na hili: mji uko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi linakuta nyasi na mawingu. Oktoba linakuta udongo mtupu.

Kisulisuli huzunguka upande wowote. Vimbunga vya kusini mwa Ikweta daima hufuata mwelekeo wa mishale ya saa kwa sababu ya mzunguko wa dunia, lakini kisulisuli ni kidogo mno na cha muda mfupi mno kuujali mzunguko huo. Nacho hufa kwa njaa: kikiingia kwenye kivuli, kwenye nyasi mbichi, au wingu likifunika jua, joto la chini linakatika na nguzo inasambaratika.

Wazee wengine hukwambia ndani yake anapita jini, na mtoto anavutwa mkono akae mbali. Siwacheki. Upepo unaotokea pasipo na upepo, ukatembea kana kwamba unajua uendako, lazima utafutiwe mwenyewe.

Hata sayari ya Mirihi inavyo, tena vikubwa. Machi 2012 chombo kinachoizunguka sayari hiyo kilipiga picha ya kimoja chenye kimo cha takriban kilomita 20. Tarehe 27 Septemba 2021 kingine kilipita juu ya roboti Perseverance huku kipaza sauti chake kikiwa kimewashwa, na sauti ya chembe za vumbi zikigonga ikarekodiwa. Inapatikana mtandaoni, fupi sana, nawe utaitambua kama uliwahi kusimama kituo cha daladala Agosti.

Huku kwetu madhara yake mara nyingi ni mchanga machoni na ubwabwa wa mama ntilie kuingia vumbi. Vikali, hata hivyo, vinaweza kufikia kilomita 70 kwa saa, na kasi hiyo inatosha kuinua bati ambalo halijapigiliwa. Fundi anayeezeka Oktoba ayalaze mabati na kuyawekea mawe kabla ya kwenda kula. Wewe uliye njiani, kipe mgongo, fumba macho, na usogee pembeni badala ya kukimbia mbele yake.