Jamani, Rheinisches Museum siyo makumbusho

Wiki hii tena. Mwanafunzi wa uzamili kaniletea orodha yake ya marejeo, Rheinisches Museum kaipanga kwenye fungu la makumbusho, nikamuuliza umefungua hata ukurasa mmoja? Akacheka. Ni jarida bwana! La taaluma ya maandishi ya kale ya Kigiriki na Kilatini, lilianzia Bonn, Ujerumani, mwaka 1827, na Niebuhr yule wa historia ya Roma ni mmoja wa waanzilishi. Hamna sanamu, hamna tiketi, hamna vyungu kwenye kabati la kioo. Museum hapo ni ile ya kale, nyumba ya Mamuse, miungu wa kike wa sanaa na elimu wa Wagiriki, kama ile ya Aleksandria ambako wasomi walikula kwa mfalme huku wakibishana juu ya mistari ya Homer.

Hilo dogo. Karekebisha, karudi na "RhM 1", yaani Rheinisches Museum juzuu ya kwanza. Sasa ya kwanza ipi?? Maana ipo ya 1827, ikaenda mpaka juzuu ya tatu 1829 ikakatika, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1830 wasomi Welcker na Näke wakaanza upya, juzuu ya kwanza tena, mpaka 1839, kisha 1842 Welcker na msomi mwingine, Ritschl, wakaja na mfululizo mpya na hapo napo, juzuu ya kwanza! Ndugu watatu jina moja, ukiita wote wanaitika. Namba tunazotumia mpaka leo zinaanzia 1842, ndo maana juzuu ya 24 ni ya 1869. Mwaka jamani, andikeni mwaka, unagharimu tarakimu nne tu.

Na faharasa ya hizo juzuu 24 kaitengeneza nani? Nietzsche. Ndiyo, huyohuyo mwanafalsafa mwenye masharubu. Alikuwa mwanafunzi wa Ritschl, makala zake juu ya waandishi wa Kigiriki Theognis na Diogenes Laertius zilitoka humo, na 1869 Chuo Kikuu cha Leipzig kikampa udaktari bila mtihani kwa ajili ya makala hizo, ana miaka 24. Mimi niliwahi kufanya faharasa ya juzuu sita tu za jarida jingine, nikatamani kuacha kazi.

Ila ukinibana kama ni jarida moja tangu 1827 au matatu yaliyorithiana jina, nasita. Rafuni nimeyaweka pamoja, kwenye katalogi nimeyatenga, na mkutubi mwenzangu kila akipita hapo ananiuliza nitaamua lini.