Kutu kwenye kava la mashine ya kukata nyasi: ni nini hasa, na hutibiwaje

Chukua mashine ya kukata nyasi iliyokaa stoo miezi mitatu bila kusafishwa, uiinamishe. Ndani ya kava, yaani lile bati linalofunika kisu kama sufuria iliyofudikizwa, utakuta nyasi zimegandamana na kuwa ngumu kama gamba la mti. Libandue gamba hilo kwa kibao. Upande wake wa nje ni kijani kilichopauka. Upande uliolala kwenye bati ni wa rangi ya udongo mwekundu, tena umeng'oka na vipande vya rangi ya kiwandani. Hiyo ndiyo kutu.

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni penye maji. Vitu ni hivyo vitatu, na kimoja kikikosekana kutu haizaliki; msumari uliopakwa grisi hukaa muda mrefu bila kubadilika kwa sababu maji na hewa haviufikii. Aluminiamu nayo huungana na oksijeni, ila utando unaotokea hushikamana barabara na kuifunika, mambo yakaishia hapo. Kutu ya chuma haina adabu hiyo. Ni ya ungaunga, ina vinyweleo, hunyonya unyevu na kuupeleka kwenye chuma kizima kilicho chini yake. Isitoshe, hujaa nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikianzia chini ya rangi huisukuma rangi juu. Ukiona vipele kwenye rangi, kitumbue kimoja kwa ncha ya bisibisi: ndani utakuta unga wa kahawia, na doa lake kwa kawaida ni pana kuliko kipele chenyewe.

Watu wengi huilaumu mvua. Mvua huanguka juu ya kava, jua likawaka, pakakauka. Chini ni habari nyingine. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa nyasi mbichi ni maji, na zikinata kwenye bati huwa kama kitambaa kibichi kilichosahauliwa juu yake. Zikianza kuoza hutoa asidi kidogo. Kama nyasi zimewekwa mbolea ya chumvichumvi, chumvi hizo huharakisha kazi. Halafu kisu nacho hurusha mchanga na vijiwe vinavyochuna rangi. Ndiyo maana mashine inaweza kung'aa juu huku tumboni inaliwa.

Kuitibu kunaanza na usalama: chomoa waya wa plagi ya injini kama ni ya petroli, au betri kama ni ya umeme, maana kisu kikizungushwa kwa mkono injini inaweza kuwaka. Ukiilaza mashine ya petroli, upande wa kabureta na kichujio cha hewa uwe juu, la sivyo oili itaingia kwenye kichujio. Kwangua nyasi, piga brashi ya waya hadi magamba yote yatoke, kisha msasa mkavu, kwanza ule wa namba 80, halafu 120 kwenye kingo za rangi iliyobaki ili kusiwe na ngazi. Futa mafuta kwa thina. Paache pakauke kabisa.

Doa jeusi lililobaki kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki ndipo dawa ya kugeuza kutu inapofaa. Nyingi huwa na asidi ya fosforasi au tanini, ambayo hubadilisha kutu iliyosalia kuwa utando mweusi uliotulia. Haifanyi kazi juu ya magamba yaliyolegea, kwa hiyo usiitumie kukwepa brashi. Vaa glavu. Baada ya hapo paka praima ya chuma, yaani rangi ya msingi, ikiwezekana yenye zinki, kisha rangi ya mafuta mara mbili au tatu, kila mkono mwembamba. Kupaka rangi juu ya kutu bila kuikwangua ni kuifunika shuka tu, vipele vitarudi.

Wako wanaopaka oili chafu ya injini. Sikushauri: hudondokea nyasi na kuziua, na hushika vumbi. Lami nzito ya chini ya magari nayo ina hila yake, kwani ikiachia upande mmoja maji hujificha nyuma yake na huyaoni. Silikoni ya kupuliza husaidia nyasi zisinate, ingawa huisha baada ya kukata mara chache.

Kinga yenyewe ni rahisi kuliko tiba. Kata nyasi zikiwa kavu. Kila ukimaliza, kwangua tumbo kabla nyasi hazijaganda. Ukiosha kwa mpira wa maji, iwashe mashine dakika mbili kisu kirushe maji nje, ndipo uiweke ndani.

Kava likishatoboka, gonga kuzunguka tundu kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkali ni bati zima, mlio wa kufa ni bati lililokwisha. Tundu dogo katikati huchomelewa kiraka. Kama kutu imekula penye boliti za injini au mashikio ya magurudumu, usiiwashe tena hadi kava libadilishwe, kwa sababu bati hilo ndilo linalozuia jiwe lililopigwa na kisu lisikufikie mguuni.