2,147,483,647: namba tasa iliyo dari ya kompyuta

Anza na 1, iongeze maradufu mara 31, kisha utoe 1. Jibu ni 2,147,483,647. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Pia ndiyo namba kubwa zaidi ambayo kompyuta nyingi zimewahi kuruhusiwa kuhesabu.

Hiyo dari inatoka wapi? Kwa kawaida, programu huiwekea namba nzima biti 32, na kila biti ni 0 au 1. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, nazo 31 zilizobaki hubeba namba yenyewe. Zote zikiwa 1, umefika mwisho. Mita ya matatu kuukuu ikijaa hurudi sufuri. Namba yetu ukiiongeza moja hutumbukia hadi −2,147,483,648.

Tuseme fundi wa programu Kisumu anaandikia sacco mfumo unaohifadhi pesa kwa senti. Dari yake ni Sh 21,474,836.47. Chama cha watu kumi hakitaigusa, lakini kwa sacco ya wakulima wa miwa hizo si pesa nyingi hivyo.

Kwenye saa ndiko mambo yanakonoga. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa saa za Greenwich, wakati huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Sekunde hizo zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nakuru. Sekunde moja baadaye, mfumo ambao haujarekebishwa utadhani ni Desemba 1901, mwezi uleule reli ilipofika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence.

Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kwamba namba hii ni tasa, na ushahidi wake ukatoka 1772, bila mashine yoyote. Angeamua kujaribu kila namba tasa hadi 46,340, ambacho ni kipeuo chake cha pili kwa makadirio (ukiizidisha kwa yenyewe unaikaribia namba yetu), angefanya karibu migawanyo elfu tano. Badala yake alionyesha kwamba kigawanyo chochote kilicho tasa lazima, kikigawanywa kwa 248, kibakishe 1 au 63. Sasa tazama zinavyopukutika: 63 si tasa, 249 ni 3 × 83, kwa hiyo ya kwanza ya kujaribiwa ni 311. Nyingi zilitupwa hata kabla ya kalamu kushika wino. Binafsi naona ujanja huo unapendeza kuliko jibu lenyewe.

Kuna mnyororo pia. 5 ni tasa; 2 ikizidishwa yenyewe mara 5, ukatoa 1, unapata 31, tasa. Fanya vivyo hivyo kwa 31, unapata namba yetu, tasa tena. Rudia kwa namba yetu yenyewe na utapata namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, na hapo mnyororo unakatika, kwa sababu 295,257,526,626,031 huigawanya bila baki.

Mifumo mipya imehamia biti 64, na dari yake ni 9,223,372,036,854,775,807. Kwa sekunde inatosha miaka bilioni 292. Lakini si tasa: hata 7 inaigawanya.