Thamani ya soko, na kampuni za muziki wa intaneti za 1999

Thamani ya soko ya kampuni ni bei ya hisa moja mara idadi ya hisa zote ilizotoa. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye bei, kwa kuwa anayenunua hisa leo analipia faida anayotumaini itapatikana baadaye.

Mfano ni MP3.com ya San Diego, Marekani, tovuti ambako wanamuziki wasio na majina makubwa waliweka nyimbo zao na watu wakazipakua bure. Tarehe 21 Julai 1999 iliuza hisa kwa umma kwa dola 28 kila moja. Siku hiyohiyo soko la Nasdaq lilifunga zikiwa dola 63 na ushei. Thamani ya soko ikawa takriban dola bilioni 4, na kampuni bado inaendeshwa kwa hasara!

Kulinganisha bei na faida hakukuwezekana, faida haikuwepo. Mapato nayo yalikuwa madogo, basi wawekezaji wengi wakahesabu wanaotembelea tovuti, wakiamini matangazo yatawageuza kuwa fedha. Kwangu hapo ndipo kipimo kilipoharibika, maana wingi wa wasikilizaji hauonyeshi nani anamiliki nyimbo wanazosikiliza.

Januari 2000 MP3.com ilianzisha huduma ya My.MP3.com: ukithibitisha kwamba unayo CD fulani, unaisikiliza mtandaoni popote ulipo. Ili kuiendesha, ilinakili makumi ya maelfu ya CD bila idhini ya wenye haki. Kampuni kubwa za muziki zikaishtaki, mahakama ya New York ikawapa ushindi, na Universal peke yake ikalipwa dola milioni 53.4. Wakati huo hisa za teknolojia kwa jumla zilikuwa zimeshaanza kuporomoka. Mwaka 2001 MP3.com ilinunuliwa kwa dola 5 kwa hisa, na mnunuzi alikuwa Vivendi Universal, mmiliki wa Universal ileile.

Liquid Audio, iliyouza teknolojia ya kusambaza muziki mtandaoni, ilifika pabaya zaidi. Kufikia 2002 thamani yake ya soko ilikuwa ndogo kuliko fedha taslimu ilizokuwa nazo. Wanahisa wakataka wagawiwe fedha hizo kabla biashara haijazila, na wakagawiwa sehemu yake.