Bomba Kuu Likipasuka Mtwara: Yanayosemwa Kibarazani na Yanayofanyika Shimoni

Maji yakikatika Shangani au Chikongola, maelezo hupatikana kibarazani kabla dumu la kwanza halijapanda toroli: mafundi wamelala, pampu ni feki, kuna mtu kafunga koki kwa makusudi. Baadhi huwa kweli. Mengi si kweli, na hasara yake ni kwamba kelele hizo humfanya fundi akimbize kazi ambayo haikubali kukimbizwa.

"Umeme umerudi tangu asubuhi, maji mbona hayatoki?"

Mtwara hutegemea visima virefu, vikiwemo vya Mtawanya, na Lindi ina visima vya Ng'apa. Pampu husukuma maji hadi kwenye matenki, kisha yanateremka mtaani. Pampu ikizimika, mabomba huanza kukauka kuanzia sehemu za miinuko na hewa huingia humo. Kuyajaza tena ni kazi ya taratibu: mwendo wa maji usizidi kama mita 0.3 kwa sekunde. Chukua bomba la milimita 300 lenye urefu wa kilomita 10. Linameza mita za ujazo 707 hivi, na kwa mwendo huo linajaa baada ya saa 9 na robo. Hapo hakuna aliyelala.

Ukifungua kwa pupa unakaribisha kile mafundi wanachokiita nyundo ya maji. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma yakisimamishwa ghafla, presha hupanda kwa takriban bar 10 juu ya ile iliyokuwemo. Kwenye plastiki ngumu hupanda bar 3 au 4, ambazo bado zinatosha kufungua jointi iliyochoka. Hewa iliyonaswa huleta balaa lile lile: inapomalizika kutoka kwenye valvu yake, maji yaliyokuwa yakiisukuma hugonga ukuta. Ndiyo maana bomba lililozibwa asubuhi "hupasuka tena" jioni mita ishirini mbele, na lawama zikamwangukia aliyeziba. Mara nyingi aliyeziba hana kosa. Mkosaji ni aliyefungua valvu kwa nguvu zote. Kufunga nako kuna adabu yake, maana valvu ya geti hubana maji hasa kwenye mizunguko ya mwisho, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuzungusha polepole kuliko yote.

"Wafunge tyubu ya baiskeli, kazi iishe"

Kwa koki ya nyumbani, sawa, mpaka kesho. Kwa bomba kuu, kwanza hutazamwa bomba ni la nini na limeumiaje. Tundu la kutu kwenye chuma linakubali klampu ya chuma yenye mpira ndani, mradi bomba limesuguliwa likawa safi pande zote na nati zimekazwa kwa zamu, siyo upande mmoja mpaka mwisho. Ufa unaokwenda kwa urefu kwenye plastiki ngumu haukubali klampu. Ufa huo huwa umeshatembea kupita pale jicho linapoishia, hivyo hukatwa kipande kizima, angalau sentimita 15 kupita ncha inayoonekana kila upande, na kuwekwa kipya kwa viunganishi viwili vya kukaza kwa nati. Gundi ya plastiki haifai ndani ya shimo lenye maji: inataka pakavu, na bomba kubwa la presha linataka muda mrefu wa kukauka ambao mji hauna.

Hapa kuna jambo dogo linalokula saa nyingi kuliko yote. Mtu husema "bomba la inchi 6" akadhani amemaliza. Kipenyo cha nje cha chuma cha inchi 6 ni milimita 168. Chuma cha kusubu cha 150 ni 170. Plastiki inayochukua nafasi hiyo hiyo ni 160. Klampu ya 160 haiingii kwenye 168, na ya 170 ikibanwa juu ya 160 itavuja. Fundi makini hufunga kamba kuzunguka bomba, akagawa urefu wake kwa 3.14, ndipo aite stoo.

Halafu kuna jua. Bomba jeusi la plastiki lililoanikwa kando ya shimo hurefuka. Kipande cha mita 6 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kama sentimita 2. Ukikipima kikiwa cha moto na kukiunga bila nafasi, maji ya baridi yakipita kinanywea na kuchomoka. Kifunike, kimwagie maji, kisha ukate. Na kabla ya kuingiza kiunganishi, chora mstari kwenye bomba kuonyesha linapaswa kuingia hadi wapi. Bila alama hiyo unakisia tu.

"Wanachimba huku maji yanamwagika! Uzembe huo"

Mara nyingi ni kinyume. Valvu hupunguzwa bila kufungwa kabisa mpaka shimo lishuke kama sentimita 30 chini ya bomba na pampu ya tope iwe inavuta. Presha ndogo inayotoka nje huzuia maji machafu ya shimoni kuingia ndani. Ukifunga mapema, bomba hunyonya tope, na ukaribu wa vyoo vya shimo unaujua. Katika mchanga wetu wa pwani, shimo likizidi mita 1.2 kuta zake zishikwe kwa mbao kabla mtu hajashuka.

Vipande vipya hupanguswa ndani kwa klorini ya asilimia 1: gramu 155 hivi za unga wenye nguvu ya asilimia 65 kwenye ndoo ya lita 10. Kisha bomba husafishwa kwa kumwaga maji hadi yawe maangavu, na klorini kwenye koki ipimwe, isome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Maji hayo yanayomwagwa barabarani ndiyo yanayopigwa picha na kuitwa hasara.

"Pampu imezima? Bonyeza tena"

Ukibonyeza mara tatu mfululizo unaunguza mota. Kila ikiwashwa moja kwa moja hunywa umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida yake. Fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, ikikatika, mbili zilizobaki hubeba karibu mara 1.7, na ovalodi, swichi inayolinda mota, ikizima ujue imekuokoa. Pima volti za fezi zote tatu, kisha tenganisha waya na upime insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja. Ikisoma chini ya megaomu 0.5, usiwashe tena, pampu ipandishwe.

Kuipandisha si suala la kamba na vijana wanne. Bomba la chuma la inchi 3 lenye urefu wa mita 80, likiwa limejaa maji, lina uzito unaozidi tani moja, pampu haijahesabiwa. Inatakiwa kreni, au mguu-tatu imara wenye cheni bloki, na vipande 27 vya mita 3 kufunguliwa kimoja kimoja. Baada ya hapo, kosa la kizembe kabisa: fezi mbili zikibadilishana, pampu huzunguka kinyumenyume, ikatoa maji kiduchu, mtaa ukasema imenunuliwa feki. Badilisha waya mbili, basi.

"Kisima kimoja kikifa, vingine vivutwe zaidi"

Karibu na bahari ni hatari. Chini ya ardhi, maji yasiyo na chumvi huelea juu ya yale ya chumvi, na kwa kanuni, kila mita 1 ya maji unayoyashusha inaweza kupandisha chumvi hadi mita 40 kutoka chini. Chumvi ikishaingia kisimani haitoki kwa wiki moja.

"Maji meupe kama maziwa ni dawa iliyozidi"

Ni hewa. Kinga kwenye glasi: yakianza kung'aa kuanzia chini kwenda juu, ni mapovu. Yakitulia yakaacha vumbi jekundu chini, hiyo ni kutu iliyotikiswa, na hapo usifungue simtanki. Funga koki yake, fungua ya nje iliyo chini kuliko zote, na kama una pampu ya kunyonya iliyoungwa kwenye bomba la mtaa, iache imezimwa hadi presha irudi, maana inaweza kuvuta tope kupitia jointi yoyote iliyolegea kati yako na jirani.