Fidia ya masafa: nani anamlipa nani?

Juzi nimemsikia tena fundi mmoja akimweleza mwanafunzi wake kwamba ile kapasita ndogo (kipande cha kuhifadhi chaji) kati ya pini ya 5 na ya 8 ya NE5534, chipu ya opampu yaani kikuza mawimbi ya umeme, "inafidia masafa yaliyopotea" (masafa ni idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde, hupimwa kwa hezi), hivyo ukitaka sauti nyembamba zisikike vizuri, weka kubwa zaidi. Mwanafunzi akaandika. Mimi nilikuwa mgeni pale, nikanyamaza.

Opampu hufanya kazi kwa mrejesho hasi: sehemu ya kinachotoka hurudishwa mlangoni ili ipunguze kinachoingia. Lakini wimbi huchelewa kidogo likipita ndani, na masafa yakipanda linazidi kuchelewa. Likichelewa nusu mzunguko, yaani nyuzi 180, kilichorudishwa ili kipunguze sasa kinaongeza. Kama bado kina nguvu ya kuzunguka bila kufifia, saketi inaanza kuimba yenyewe, hata hujaingiza kitu. Fidia ya masafa ni kuhakikisha nguvu hiyo imekwisha kabla wimbi halijachelewa kiasi hicho. Basi.

Kinachotuponza ni neno. Barabara inapanuliwa, nyumba inapigwa X nyekundu, mwenyewe anasubiri fidia. Tumezoea kwamba fidia ni kitu cha kupokea. Kumbe neno hili la Kiarabu asili yake ni kile unachokitoa ili ukomboe kitu. Mateka hukombolewa kwa fidia. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kulisha maskini, hajalipwa yeye. Na kapasita yetu iko upande huo huo wa mtoaji: inatoa masafa, inakomboa utulivu.

Bei yenyewe si ndogo. Opampu ya 741, iliyotoka 1968, ilijengewa ndani kapasita ya pikofaradi 30 (pikofaradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita). Bila mrejesho hukuza kama mara 200,000, ila ukuzaji huo unaanza kushuka kwenye hezi 5 hivi. Hezi tano! Sikio halijaanza hata kusikia. Ukifika megahezi 1, umebaki mara 1. Kwenye NE5534, pikofaradi 22 inashusha kasi ya volti kupanda: kutoka volti 13 kwa maikrosekunde hadi volti 6 kwa maikrosekunde. Ukiweka kubwa zaidi unakata zaidi, hakuna kinachorudi.

Kwa nini basi tuiweke? Kwa sababu bila hiyo NE5534 hutulia ukuzaji ukiwa mara 3 kwenda juu tu. Hapa wengi hushangaa: mara 1 si ndiyo kazi nyepesi? La, ndiyo ngumu kuliko zote, maana chote kinachotoka kinarudishwa mlangoni. Anayekuza mara 10 huenda haihitaji kabisa.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeandika kwenye daftari, usilichane hilo karatasi. Futa tu "inafidia masafa", uandike "masafa yametolewa yawe fidia".